Je, Wajua kwa Nini Wakazi wa Mtaa wa Kale Hutofautiana Kuhusu Kuuhifadhi?

Ukiwauliza wakazi wa mtaa wa kihistoria kama wanaupenda mtaa wao, karibu wote watakubali. Ukiwauliza kama uwekewe sheria ya uhifadhi, majibu hugawanyika, na pengine hata watu wa nyumba moja hupingana. Mtu wa nje huona mgogoro huo kuwa baina ya wanaothamini historia na wasioithamini, na nionavyo mimi anawaonea wakazi. Wengi wao wanathamini kile kile. Wanachobishania ni kitu gani hasa kihifadhiwe, na nani abebe gharama yake.

Uingereza ilipopitisha mwaka 1967 sheria iliyoanzisha maeneo ya hifadhi mijini, ilitaja mambo mawili yanayostahili kulindwa: sifa ya mahali na sura yake. Mji wa Stamford ulitangulia kupata eneo la aina hiyo mwaka huohuo, na leo England peke yake ina maeneo yapatayo 10,000. Sura hupimika: kimo cha majengo, mteremko wa paa, umbo la madirisha, rangi ya matofali, umbali wa kuta kutoka barabarani. Sifa haipimiki kwa urahisi. Ndani yake mna karakana ya seremala iliyo chini ya nyumba ya familia, ngazi ambazo majirani huketi jioni, na mchanganyiko wa wenye nacho na wasio nacho katika njia moja. Ndiyo maana mkazi mzee anaweza kulalamika kwamba mtaa umepotea ilhali hakuna hata tofali moja lililoondolewa, na afisa wa uhifadhi akashangaa analalamikia nini.

Mifano ya jambo hilo ipo. Ufaransa ilitunga mwaka 1962 sheria inayojulikana kwa jina la waziri wake wa utamaduni, André Malraux, ili kuokoa mitaa ya kale iliyokuwa ikibomolewa. Katika mtaa wa Marais jijini Paris, kazi hiyo ilirudisha fahari ya majumba ya karne ya 17, lakini ilihusisha pia kuondoa vibanda na karakana zilizokuwa zimejazana katika nyua zake kwa miaka mingi. Kwa msanifu majengo, hiyo ilikuwa takataka iliyoficha jengo halisi. Kwa fundi aliyefanya kazi humo, hiyo ndiyo iliyokuwa Marais.

Pamoja na hayo, wakazi wengi hutaka kanuni, tena kali, na sababu yao ina mantiki. Sura ya mtaa ni mali ya wote iliyo mikononi mwa watu binafsi. Mwenye nyumba akiongeza ghorofa mbili, faida yote huingia mfukoni mwake, huku hasara ya mwanga, ya mandhari na ya mpangilio wa paa ikigawanywa kwa majirani wote. Jirani anayejizuia kwa hiari hujikuta amejinyima bure. Kwa hiyo anayeomba sheria mara nyingi anaomba uhakika kwamba kile anachokitunza yeye hakitaharibiwa na mwingine, na hiyo ndiyo haki iliyomo ndani ya uhifadhi ambayo wapinzani wake huisahau.

Mzigo nao ni wa kweli, na hapa inafaa kukawia kidogo kwenye ukuta wenyewe. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya saruji ya kisasa kuenea ziliunganishwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Chokaa ni laini na ina vitundu vidogo sana, hivyo unyevu unaoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Saruji ni ngumu na huziba. Ukiipaka juu ya ukuta wa zamani, unyevu hubaki ndani, hutafuta njia kupitia mawe au matofali yenyewe, na chumvi iliyoyeyuka humo huganda karibu na uso na kuubandua vipande vipande. Afisa anayekataza saruji ana sababu nzuri, basi. Hata hivyo, chokaa hukauka polepole, hupakwa tabaka kwa tabaka, na mafundi wanaoijua vyema ni wachache, kwa hiyo ujira wao ni mkubwa. Mstaafu anayeishi kwa pensheni akiambiwa tu kwamba saruji ni marufuku, bila kuelezwa kwa nini wala nani atamsaidia kulipa tofauti ya bei, atauacha ukuta jinsi ulivyo. Ufa utapanuka, mvua itaingia, na kanuni iliyokusudiwa kuiokoa nyumba itakuwa imechangia kuiangusha.

Mpangaji ana hofu yake tofauti kabisa. Mji wa George Town nchini Malaysia ulibaki na maduka yake ya kale kwa miongo mingi kwa sehemu kubwa kwa sababu kodi za nyumba zilidhibitiwa kisheria, na wamiliki hawakuona faida ya kubomoa na kujenga upya. Udhibiti huo ulipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2000, kodi zilipanda na familia nyingi za wapangaji zikahama. Mwaka 2008 mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukiwa na majengo yake lakini umepungukiwa na watu walioyapa uhai. Mpangaji anayesikia habari kama hizi akiuona mtaa wake unaanza kusifiwa magazetini, ana haki ya kujiuliza kama atakuwepo kuufurahia. Mwenye nyumba aliye jirani yake husikia sifa hizohizo kwa furaha, maana thamani ya mali yake inapanda.

Mwaka 1987 baraza la kimataifa la wataalamu wa uhifadhi, ICOMOS, lilitoa hati kuhusu miji ya kihistoria ambayo inasema wazi kwamba uhifadhi wa miji hiyo unawahusu kwanza wakazi wake, na kwamba hauwezi kufanikiwa bila ushiriki wao. Kwa bahati mbaya, kushirikishwa mara nyingi huja mwishoni, michoro ikiwa imekwisha kukamilika, katika kikao cha saa za kazi ambacho wamiliki wanaweza kukihudhuria kuliko vibarua.

Mji wa Bologna nchini Italia ulijaribu njia nyingine. Mpango wake wa mwaka 1973 ulitumia fedha za makazi ya umma kukarabati nyumba za kale katikati ya mji, kwa nia ya kuwabakiza wakazi wa kipato cha chini palepale walipokuwa. Mwanzoni halmashauri ilikusudia kuzitwaa nyumba kutoka kwa wamiliki, na wamiliki wengi, wakiwemo wadogo wenye nyumba moja tu, wakapinga. Halmashauri ilisikiliza, ikageuza utwaaji kuwa mikataba: mmiliki apewe msaada wa kukarabati, naye akubali kodi yenye kikomo na wapangaji wake wabaki. Wakati kuta zikitengenezwa, wakazi walihamishiwa kwa muda katika nyumba zilizoandaliwa jirani, na kazi ilipokwisha, wakarudi.