Je, wajua? Kwa nini pikapu za Minnesota zinaruhusiwa kuvuta nyumba na boti kwa pamoja

Ukipita wakati wa kiangazi kwenye barabara kuu namba 35, inayotoka Minneapolis kwenda Duluth kaskazini mwa Marekani, utakutana na msururu wa ajabu. Mbele ni pikapu kubwa. Katikati ni nyumba ya kuvutwa, yenye vitanda, jiko na choo chake. Nyuma ya nyumba hiyo inafuata boti ndogo ya kuvulia samaki, imekaa juu ya tela lake. Vyombo vitatu, dereva mmoja, na askari wa barabarani hana neno, maana sheria ya jimbo inaruhusu.

Sasa mchukue mtu mwingine mwenye pikapu, nyumba na boti vya uzito ule ule, ila nyumba yake ni ya aina ya kawaida, inayofungwa nyuma ya bampa. Huyu akiongeza boti kwa nyuma amevunja sheria. Kwa nini mmoja apite na mwingine asimamishwe?

Jibu liko mahali pale tela la kwanza linapolalia. Tela la kawaida hushikwa na mpira wa chuma uliofungwa nyuma kabisa ya gari, mita moja au zaidi kutoka ekseli ya nyuma. Ile nyumba nyingine hutumia mfumo uitwao gurudumu la tano: pua yake imeinuliwa, inapanda juu ya sehemu ya mizigo ya pikapu, na chini ya pua kuna pini nene ya chuma inayoingia kwenye sahani iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Jina limetoka kwenye magari ya farasi ya zamani, yaliyokuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili igeuke. Magurudumu manne barabarani, la tano limelala juu.

Kwa msomaji wa huku kwetu mfumo wenyewe si mgeni. Ndio unaoshika malori ya semi yanayotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Hata unene wa pini ni ule ule: inchi 2, yaani milimita 50 na ushei, iwe inavuta kontena au inavuta sebule ya mstaafu anayekwenda kuvua.

Mita ile moja ya nyuma ya ekseli inaleta balaa gani? Lori likikupita kwa kasi, upepo wake unalisukuma tela pembeni. Tela nalo linausukuma ule mpira wa chuma. Kwa kuwa mpira uko nyuma ya ekseli, gari zima linazunguka juu ya tairi za nyuma: mkia unakwenda kulia, pua inakwenda kushoto. Dereva anarudisha usukani, tela linaitikia kwa kuchelewa, na dereva anarudisha tena. Kila gari na tela lake vina kasi ambayo ikivukwa, mayumbo hayo hayapungui tena bali yanazidi kukua yenyewe, mpaka vyote viwili vinaishia mtaroni. Kwenye gurudumu la tano msukumo wa pembeni unatua moja kwa moja kwenye tairi za nyuma za pikapu. Hakuna mkono wa kuizungusha pua, kwa hiyo hata nyumba ikitikisika, gari linabaki kwenye mstari wake.

Jambo la pili ni uzito. Ili tela litulie, sehemu ya uzito wake lazima imlalie mvutaji. Kwa tela la kawaida watu hulenga asilimia 10 hadi 15. Kwa gurudumu la tano ni asilimia 15 hadi 25, kwa sababu ekseli iliyo chini ya pini inaweza kubeba. Ukifunga boti nyuma ya nyumba, shingo ya tela la boti inaushusha mkia wa nyumba, na pua inapungukiwa uzito.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ya kawaida ya kilo 3,000 inamlalia mvutaji kwa kilo 360, yaani asilimia 12. Kutoka mpira wa chuma hadi ekseli zake ni mita 4.5, na kutoka ekseli hadi mkiani ni mita 2.5. Shingo ya boti ikilalia mkia kwa kilo 100, pua inapoteza kilo 55 hivi. Zinabaki kilo 305, na sasa uko kwenye ukingo kabisa wa asilimia 10. Ongeza tangi la maji lililojaa nyuma ya ekseli, au baiskeli mbili mkiani, na umevuka. Nyumba ya gurudumu la tano ya kilo 5,000 yenye kilo 1,000 kwenye pini, ikifungiwa boti ile ile, itapoteza kilo 46 tu ikiwa ina mita 6.5 mbele ya ekseli na mita 3 nyuma. Kutoka asilimia 20 inashuka hadi 19, na dereva hata hahisi.

Ajabu ni kwamba boti na mfumo huu wanajuana tangu mwanzo. Mwaka 1914 mjini Detroit, mfanyabiashara wa mbao Frederick Sibley alimwendea mhunzi August Fruehauf akitaka kitu cha kubebea boti yake kwa kuvutwa na gari la Ford Model T. Fruehauf alitengeneza tela lenye magurudumu ya nyuma tu, mbele likiegemea gari. Sibley alilipenda, akaagiza mengine ya kubebea mbao, na mwaka 1918 mhunzi yule alikuwa na kampuni kamili ya matela. Sehemu nzuri ya biashara ya malori ya semi ilianza na tajiri mmoja aliyetaka kwenda kustarehe majini.

Hata hivyo, tusiisifu sheria kupita kiasi. Gurudumu la tano limeiokoa nyumba, halijaiokoa boti. Boti imefungwa kwenye mpira wa chuma ulio mita tatu nyuma ya ekseli za nyumba, kasoro ile ile tuliyoikimbia kwenye pikapu, tena mbaya zaidi. Wataalamu wa malori ya matela mawili wanajua kwamba dereva akikwepa kitu ghafla, tela la mwisho hurushwa pembeni kwa nguvu kuliko la kwanza, kama ncha ya mjeledi. Kinachowaokoa watu wa Minnesota ni udogo wa boti. Boti ya bati la alumini ya futi 16, pamoja na mashine yake na tela, haizidi sana kilo 700. Ukiona mtu amefunga boti ya tani mbili nyuma ya nyumba, mpishe aende zake.

Ndiyo maana ruhusa imewekewa masharti. Msururu mzima usizidi futi 70, kama mita 21. Dereva awe ametimiza miaka 18. Pikapu iwe na uwezo wa kuvuta uzito wote uliofungwa nyuma yake. Na katika wilaya 7 zinazozunguka Minneapolis na St. Paul, msururu huo hautakiwi barabarani Jumatatu hadi Ijumaa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, wala kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku. Wavuvi wanaotoroka kazini Ijumaa wanaijua saa 10 hiyo vizuri sana. Majimbo mengi ya pwani ya mashariki, New York ikiwemo, hayaruhusu kabisa, hivyo anayeelekea huko huiacha boti nyumbani au hutafuta dereva wa pili.

Lakini kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu boti haina pengine pa kukaa. Sehemu ya mizigo ya pikapu imechukuliwa na pua ya nyumba, na paa la nyumba liko karibu mita 4 kutoka chini. Na Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa eka 10 au zaidi. Kwenda huko bila boti ni kujiadhibu.

Shida ya kila siku ni rivasi. Kwa tela moja unakata usukani upande usioutaka, na kwa mazoezi mkono unazoea. Ukiwa na viungo viwili, kinachoisahihisha nyumba ndicho kinachoipotosha boti, na ndani ya mita chache vyombo vimekunjana. Wenye busara hawajaribu. Wanachagua kituo cha mafuta chenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, na wakifika kambini boti ndiyo inayofunguliwa kwanza. Kuna pia suala la vioo: nyumba ina upana wa karibu mita 2.6, boti haifiki mita 2, kwa hiyo dereva haioni kabisa. Tairi la boti linaweza kupasuka naye akaendelea kilomita nyingi huku anaimba. Kamera ya nyuma si anasa hapo.

Na kama ningetakiwa kuchagua kitu cha kukagua kwanza kwenye tela la boti, ningeanza na beringi. Tela la boti huzamishwa majini kila boti inaposhushwa. Baada ya safari ndefu kitovu cha gurudumu kina joto. Kikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Maji yanaharibu grisi, kutu inaanza, na safari inayofuata beringi inasaga kwa chuma kitupu, nyuma ya nyumba ambako dereva hasikii. Kwa hiyo kila wanaposimama kujaza mafuta, wengi wao huzunguka hadi mkiani na kuweka kiganja kwenye vitovu vyote viwili. Kikiwa vuguvugu, safari inaendelea. Kikichoma mkono, gurudumu linafunguliwa palepale.