Ultrasaundi ya punda dume: maana yake na inavyofanywa

Ultrasaundi ya uzazi wa dume ni kupima korodani na tezi za ndani kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, bila kupasua. Vipimo vyake vingi vilitokana na farasi, lakini Lamu, ambako mchanga na mawe ya ujenzi hupita vichochoroni mgongoni mwa punda, anayeihitaji ni punda dume wa mbegu.

Kichwa cha mashine kiwe cha megahezi (kipimo cha mtetemo wa mawimbi) 5 hadi 10. Pakeni jeli ya kutosha, kwani hewa ikibaki kwenye ngozi, picha haipatikani. Dume akiogopa huvuta korodani juu. Zishusheni taratibu ndipo mpime. Kioo kisomwe kivulini, jua la pwani hufuta kila kitu.

Korodani yenye afya huonekana ya kijivu kimoja, mfano wa uji usio na madonge. Kidoa cheusi cha katikati ni mshipa wa damu, na wasiozoea hukidhania ugonjwa. Weusi ulioizunguka korodani ni maji. Donge la rangi tofauti huenda likawa uvimbe. Korodani moja ikivimba ghafla na mnyama anagaagaa, daktari aangalie mwendo wa damu kwa dopla, ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea. Damu isipopita, huenda kamba inayoshikilia korodani imejisokota: hiyo ni dharura, haingoji kesho.

Ukubwa hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana, kimo na 0.5236. Korodani ya sentimita 10 kwa 6 kwa 5 ni takriban sentimita za ujazo 157. Mbili ni 314. Kwa farasi, 314 mara 0.024, toa 0.76, ni kama mbegu bilioni 6.8 zinazotarajiwa kutengenezwa kwa siku. Punda si farasi, hivyo hesabu hii itumieni kumlinganisha dume na vipimo vyake mwenyewe vya nyuma.

Picha haionyeshi kama mbegu zinaogelea. Manii yapimwe pia. Korodani zikiwa nzuri na mbegu chache, huenda mirija ya ndani imeziba. Hiyo huonekana kwa kupitia njia ya haja kubwa, kazi ya daktari wa mifugo peke yake: utumbo ukichanika, mnyama anaweza kufa.

Farasi huchukua siku 57 hivi kukomaza mbegu, kwa hiyo dume aliyepata homa kali apimwe tena baada ya miezi miwili.