Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi Si Kuyakomesha

Kuhimili mabadiliko ya tabianchi ni kuurekebisha mji, majengo yake na desturi za wakazi wake, ili madhara yaliyokwisha kuanza na yale yasiyoepukika tena yasiwaangamize watu wala mali. Maana yenyewe haina ugumu. Ugumu hutokea yanapotangazwa hapa Mombasa maonyesho yanayohamishwa kutoka mji hadi mji, ambamo mtazamaji huruhusiwa kumwaga maji juu ya mfano wa mtaa na kuchagua penye kufaa mtaro, kisha tangazo likadai kwamba maonyesho hayo ni ya "kukomesha mabadiliko ya tabianchi".

Mtaro haukomeshi chochote. Kukomesha, au kwa usahihi zaidi kupunguza, ni kushughulikia chanzo, yaani gesi joto, zile zinazonasa joto hewani kama ya kaboni, zitokanazo na mafuta, makaa ya mawe na ukataji wa misitu. Kuhimili hushughulikia matokeo. Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yamezitenga kazi hizi, kupunguza katika kifungu cha 4 na kuhimili katika kifungu cha 7, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya mwaka 2016 nayo imeifafanua kila moja peke yake. Hata moshi wote ungekoma leo, bahari ingeendelea kupanda kwa karne kadhaa, kwa kuwa maji na barafu hulipokea joto polepole mno.

Tofauti inayosahaulika zaidi ni ya mahali. Kaboni iliyozuiwa Mombasa huipunguzia mzigo dunia nzima, lakini mtaro uliozibuliwa Mikindani haumfai kitu mkazi wa Likoni. Ndiyo maana maonyesho ya kuhimili, hata yakiwa yamebuniwa kwa ustadi, hayana budi kubadilishwa vielelezo kila yanapotua: Nairobi hapana maji kujaa na kupwa, ilhali kisiwani kwetu mvua ya masika ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mitaro hukosa pa kwenda. (Mfano wa mji wenye theluji tungeutazama kwa adabu, tukaondoka.)

Wapo wanaoutaja Mji wa Kale, wenye kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyenye kivuli, kuwa ni ushahidi kwamba tulianza kuhimili zamani. Ni kweli nusu. Wazee walijenga kwa joto walilolijua. Kuhimili mabadiliko ni kujenga kwa joto ambalo bado halijafika.

Mikoko nayo huwachanganya wengi, na hawalaumiki. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji huihifadhi na kuuza hati za kaboni, yaani hati za kuthibitisha kaboni iliyozuiwa, na huko ni kupunguza. Mizizi ile ile huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo wa ufukwe, na huko ni kuhimili. Mti ni mmoja, hesabu ni mbili, na kila hesabu ina kipimo chake.

Waandaaji basi hawakatazwi kuleta paneli za sola, ila waziweke upande wa kupunguza. Na kama paneli hizo zinaendesha pampu ya kuondoa maji ya mafuriko umeme unapokatika, kibao kiseme hivyo waziwazi, nasi tutakubali zihamishiwe upande wa pili.