Kung'oa meno hakumwondolei kifutu sumu

Hapa Tabora, kwa wanaofuga nyoka kwa ajili ya ngoma na maonyesho, utasikia watazamaji wakiambiana: “Msiogope, ameshang'olewa meno.” Wengi huridhika, na hapo ndipo hatari ilipo. Kifutu si mtu mzima aliyepoteza gego. Nyuma ya kila jino la sumu yamejipanga mengine machanga yakisubiri zamu, maana hata porini nyoka huyu hubadilisha meno hayo maisha yake yote. Likitoka moja, jingine hushika nafasi yake. Tezi za sumu, zilizo nyuma ya macho, hazijaguswa kabisa. Kilichobaki ni jeraha mdomoni linaloweza kutunga usaha. Kwangu huo ni ukatili mtupu.

Wengine hudai kifutu wao amewazoea kwa kuwa ametulia. Lakini kutulia ndiyo mbinu yake ya kuwinda: hulala kimya akivizia, kisha hushambulia ghafla.

Sumu yake huvimbisha, hutoa malengelenge na huozesha nyama. Akikuuma, usichanje wala usifunge kamba. Vua pete na bangili mapema, usikichezeshe kiungo kilichoumwa, na uwahishwe hospitali.