Matibabu ya aleji kwa watoto ni nini hasa?

Ikifika Julai hapa Nairobi baridi inakaza, nguo hazikauki, ukuta wa chumba cha kulala unashika ukungu, na kwa ploti kila mzazi analia mtoto ana homa haiishi. Angalia vizuri. Kama mwili hauna joto, chafya ni za mfululizo asubuhi, kamasi ni maji maji na anasugua pua na kiganja kwenda juu mpaka pua imefanya kamstari, hiyo kuna uwezekano mkubwa ni aleji, yaani kinga ya mwili inapigana na vumbi, poleni (ule unga wa maua) ama uchafu wa mende kana kwamba ni ugonjwa.

Wengi wetu tunakimbilia Piriton. Inatuliza ndio, inazuia histamini inayoleta muwasho, lakini inafika mpaka kwa ubongo na mtoto anasinzia darasani. Dawa zingine za aleji kama setirizini na loratadini hazileti usingizi hivyo, tena dozi inaenda na umri na kilo, kwa hivyo uliza mfamasia, tafadhali usikadirie na kijiko cha chai.

Pua ikiziba kila siku, spree ya puani ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndio husaidia zaidi, na hapa ndio wazazi huachia njiani, wanapuliza siku mbili hawaoni kitu wanaiweka kando, na kumbe inataka kila siku na nguvu yake kamili inaweza kuchukua hata wiki mbili. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, si katikati, ndio pua isichubuke itoe damu.

Hizo zote zinatuliza tu. Inayobadilisha aleji yenyewe ni imunotherapi: baada ya vipimo, spesholisti anampa mtoto kidogo kidogo kile kinachomsumbua, kwa sindano ama chini ya ulimi, mpaka mwili uzoee. Si kitu kipya, daktari Leonard Noon aliandika kuihusu London mwaka 1911, lakini huchukua miaka 3 hadi 5, so jipange.

Aleji ya chakula kama njugu ama mayai ni kesi tofauti. Akivimba midomo, apumue kwa shida, atapike ama alegee ghafla, usikae ukingoja Piriton ishike, anahitaji sindano ya adrenalini pajani saa hiyo hiyo, mbebe hospitali iliyo karibu na uwaambie mlangoni amekula nini.