Idara Zinaposhirikiana: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Mimi ni mhadhiri wa takwimu, na kwa sababu hiyo nimeingia katika idara nyingi, maana kila mwenye data mwishowe humtafuta mtu wa takwimu. Nimefanya kazi na wanakemia, madaktari, walimu wa lugha na wahandisi. Hakuna kazi ya chuoni iliyonipa furaha kama hizo. Ndiyo maana inaniuma nikisikia wahadhiri vijana wakikatishwa tamaa kwa maneno yasiyo na msingi, au wakiingia katika ushirikiano huo na matumaini ambayo nayo hayana msingi.

"Anayetoka nje ya fani yake hana kina"

Hii nimeisikia kuliko nyingine zote. Inadhaniwa kwamba ukishirikiana na idara nyingine unakuwa mjuzi wa juujuu, huku kidogo na kule kidogo. Mambo yako kinyume. Mwenzako anakutegemea kwa kile asichokijua, kwa hiyo usipokuwa na kina, kazi nzima inayumba.

Walter Alvarez alikuwa mwanajiolojia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Miaka ya 1970 alikuwa akichunguza miamba ya chokaa karibu na Gubbio, Italia. Kati ya chokaa ya enzi za dinosaria na ile iliyofuata palikuwa na utepe mwembamba wa udongo, unene wake kama sentimita moja. Swali lake lilikuwa dogo: udongo huu ulichukua muda gani kujikusanya? Jiolojia peke yake haikuwa na saa ya kupimia hilo. Akalipeleka swali kwa baba yake, Luis, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1968. Luis akafikiria iridiamu, metali iliyo adimu sana katika ganda la dunia, lakini ambayo hushuka kidogo kidogo na vumbi la kutoka angani. Ukijua kiasi kilichojikusanya, unaweza kukadiria muda uliopita. Kazi ya kupima wakapewa wanakemia wa nyuklia, Frank Asaro na Helen Michel. Walikuta iridiamu karibu mara 30 ya kiasi cha kawaida, na vumbi la kila siku lisingeweza kuleta yote hayo. Mwaka 1980 wanne hao walichapisha hoja kwamba kimondo kikubwa kiligonga dunia na kuwaangamiza dinosaria. Mwaka 1991 shimo la Chicxulub huko Meksiko likatambuliwa kuwa ndipo kilipoangukia.

Tazama walivyogawana kazi: mmoja alileta swali, mwingine njia, wawili kipimo. Walter alibaki mwanajiolojia, tena jibu alilopata lilikuwa kubwa mno kuliko swali alilouliza.

"Tukiwa na nia njema tutaelewana"

Nia njema tulikuwa nayo, na bado tulikwama kwenye neno moja. Katika mradi wangu wa kwanza na wanakemia, uliohusu maji ya visima, mwenzangu aliandika ubaoni "sampuli 30". Nilishtuka. Kwangu sampuli ni kundi zima lililoteuliwa kuwakilisha wengi, kwa hiyo visima 30 vilivyoteuliwa ni sampuli moja. Sampuli 30 maana yake ni kuteua upya mara 30! Kwake sampuli ni chupa moja ya maji, na chupa alizonazo zilikuwa 30. Nikaanza kukokotoa gharama za safari, naye akawa anashangaa kwa nini namzidishia kazi. Ilipita nusu saa ndipo akanyanyua chupa moja, akaniwekea mbele yangu na kuuliza, "Hii wewe unaiitaje?"

Tangu siku hiyo kila mradi wangu huanza na ukurasa mmoja wa msamiati, kila mtu akiandika anamaanisha nini. Neno "kosa" lazima liwemo. Kwa mtakwimu kosa ni tofauti isiyoepukika kati ya kipimo na hali halisi, wala si aibu ya mtu. Mwalimu wa lugha akilisikia anashika kalamu nyekundu.

"Kufundisha wawili ni kupunguza mzigo"

Kozi ya wiki 14, wahadhiri wawili, basi kila mmoja wiki saba. Huko ni kupokezana vijiti. Mwanafunzi huishia kupata kozi mbili zenye jina moja na mtihani ulioshonwa vipande. Kufundisha pamoja hasa ni kukaa darasani mwenzako anapofundisha, kumuuliza pale anapopita haraka mno, na kukubaliana mwongozo mmoja wa kusahihisha. Mara ya kwanza kazi huongezeka, tena sana. Mkuu wa idara anayemhesabia kila mmoja nusu tu ya saa za kozi anawaadhibu kwa kujituma. Akitaka kozi idumu, awahesabie wote saa zote, angalau muhula wa kwanza.

Na si lazima iwe kozi nzima. Chuo Kikuu cha Harvard kina mpango ulioanzishwa mwaka 2017 na Barbara Grosz wa sayansi ya kompyuta na Alison Simmons wa falsafa. Wanafalsafa huingia katika kozi za kompyuta zilizopo tayari na kufundisha kipengele cha maadili kinachogusa mada ya kozi ileile. Mwanafunzi anayejifunza kuunda programu anakutana na swali la haki palepale anapojifunza.

"Orodha ya majina kwenye makala inajieleza"

Haijielezi. Katika hisabati, kwa kawaida waandishi hupangwa kwa alfabeti. Katika tiba, wa kwanza mara nyingi ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Aliye katikati huonekana msindikizaji, hata kama uchambuzi wote ulitoka mkononi mwake. Nimewahi kupoteza alama katika ombi la kupandishwa cheo kwa sababu kamati ilisoma majina kwa desturi ya fani nyingine. Siku hizi majarida mengi hutumia mfumo wa CRediT, unaotaja majukumu 14, kuanzia wazo la utafiti hadi uhariri wa andiko. Ambatisha maelezo hayo kwenye ombi lako, na mpangilio wa majina ukubaliwe kwa maandishi kabla data haijakusanywa.

"Miradi ya fani nyingi hupata fedha kirahisi"

Matangazo ya ruzuku huisifu sana, kwa hiyo dhana hii inaeleweka. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia maombi 18,476 ya miaka mitano kwa Baraza la Utafiti la Australia, ulionyesha kwamba kadiri fani zilizounganishwa zilivyokuwa mbali, ndivyo uwezekano wa kupata fedha ulivyopungua. Mhadhiri kijana asiweke mayai yake yote hapo. Awe na kazi yake ndani ya fani, na huu uwe mradi wake wa pili.

"Huduma kwa jamii ina idara yake"

Tatizo la jamii halina idara moja. Maji ya kisima yakiwa na floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwanakemia huipima, daktari wa meno huona madoa kwenye meno ya watoto, mhandisi huchora chujio. Mwanasosholojia huuliza nani anateka maji na nani atabadilisha kichujio kikichoka. Katika mradi mmoja niliochambulia data, swali hilo liliulizwa mwishoni, chujio zikiwa zimeshawekwa na nyingine zimeshaachwa. Katika mradi uliofuata mwanasosholojia alikuwapo tangu kikao cha kwanza, na mhandisi akafuta mchoro wake mara mbili kabla ya kununua hata bomba moja.