Baridi haizuii mwamba kuoza

Nimekutana nayo tena wiki hii, safari hii kwenye maandalizi ya somo la jiografia: kwamba milima ya baridi hupasuliwa na barafu tu, na kuoza kwa miamba kwa kemikali ni mambo ya nchi za joto. Jamani, inatosha. Dhana hii ilipimwa ikaanguka tangu 1960, na bado tunawakaririsha watoto.

Aliyeiangusha ni Mswidi, Anders Rapp. Tangu 1952 hadi 1960 alipima Kärkevagge, bonde lililochongwa na barafu kaskazini kabisa mwa Uswidi. Alipima mawe yanayoporomoka, theluji inayobeba kifusi, udongo unaotambaa na ardhi inayoteleza. Kisha akapima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji ya kijito. Chumvi ndizo zilizoongoza: kama tani 26 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, zikitoka bondeni bila mtu kuziona. Watu wa Morogoro huenda wanamjua kwa jambo jingine, maana ndiye aliyechunguza pamoja na Paul Temple maporomoko ya Mgeta, Uluguru, baada ya mvua ya Februari 1970.

Kweli, silikati (madini yanayounda sehemu kubwa ya miamba) huoza polepole kwenye baridi. Hilo sibishani nalo. Lakini mwamba hauozi kwa joto peke yake. Unataka maji mengi yanayopita na uso mpya wa madini, na vyote viwili vimejaa mlimani. Shisti ya Kärkevagge, mwamba wa matabaka membamba, ina pairiti, yaani madini ya chuma na salfa. Barafu ikiipasua, pairiti inakutana na hewa na maji, inazaa asidi ya salfuri, na asidi hiyo inakula madini ya jirani na kuyeyusha alumini iliyomo. Maji hayo yakichanganyika na maji yasiyo na asidi, alumini inaganda na kuacha utando mweupe juu ya mawe ya kijito. Kwa hiyo kutenganisha kazi ya barafu na kazi ya kemia ni kosa, kwani ya kwanza inaifungulia njia ya pili. Na chokaa, kinyume na wengi wanavyodhani, huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya nyuzi 0 hubeba kabonidioksaidi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20.

Kinachonikera zaidi ni anayesema maji ya mlimani hayana chumvi: "lakini maji yale ni maangavu kabisa!" Bonde hilohilo lina ziwa Trollsjön, lenye kina cha mita 34 hivi, na unaliona hadi chini. Uangavu unakuambia kwamba matope na mwani ni kidogo. Kuhusu chumvi haukuambii lolote.

Hata kipimo kinaweza kukudanganya. Chovya kipima EC (uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi) kwenye kijito cha nyuzi 2, usikirekebishe kwa nyuzi 25, nacho kitasoma karibu nusu ya kile ambacho maji hayohayo yangeonyesha maabara. Mtu anaandika namba ndogo, anarudi nyumbani na ushahidi kwamba mlima "haufanyi kemia". Tafadhali, andika joto la maji kila unapoandika EC! Halafu zidisha mkusanyiko wa chumvi kwa wingi wa maji yanayopita. Kiangazi, theluji inapoyeyuka, mkusanyiko hushuka lakini mzigo wa chumvi unaoondoka huweza kupanda sana. Anayelinganisha miligramu kwa lita peke yake hajalinganisha chochote.

Kuna mtego mwingine. Theluji ikianza kuyeyuka, theluthi ya kwanza ya maji yake huweza kubeba zaidi ya nusu ya chumvi zilizokuwa ndani yake. Hizo zilitoka angani, na kwa Kärkevagge bahari ya Norwei iko karibu. Ni lazima zitolewe kwenye hesabu, kwa kawaida kwa kufuata kloridi, ambayo hutoka zaidi kwenye chumvi ya bahari, na hesabu hiyo ina makisio mengi kuliko vitabu vinavyokiri.

Wala sitaki mtu aitumie Kärkevagge kuisemea milima yote. Bonde la graniti isiyo na pairiti litatoa chumvi pungufu. Suala la kaboni ndilo gumu kuliko yote: asidi ya kaboni ikiozesha silikati, kaboni inaondolewa hewani; asidi ya salfuri ikila chokaa, kaboni inaachiwa iingie hewani. Kwa hiyo ukiniuliza mlima wa baridi unapunguza kaboni au unaiongeza, nitakuuliza kwanza mwamba wake una pairiti kiasi gani na chokaa kiasi gani.